Tukitaka Krismasi nyeusi, mpingo tunao

Mti mweusi wa Krismasi umefika Kilwa. Ulitangulia kwenye simu, katika picha za sebule za Ulaya na Marekani: kuta za rangi ya makaa, mti wa plastiki mweusi tii, mipira ya rangi ya damu ya mzee, riboni za mahameli na taa chache zilizofifishwa makusudi. Kisha ukaingia Kariakoo, na kutoka Kariakoo ukapakiwa kwenye mabasi ya Kusini pamoja na ndoo, vyombo na nguo za sikukuu. Muuzaji mmoja wa Kilwa Masoko alinisimamishia mti wa aina hiyo, unaonifika kifuani, akanihakikishia: "Mama, kijani kimeshapitwa. Watu wa Dar sasa wanaweka mweusi."

Maneno yameshaanza. Wapo wanaoapa kwamba huo ni mti wa Freemason, na kwamba nyumba itakayouweka imekaribisha mikosi. Wapo wanaouona ni dalili ya mtu aliyestaarabika, na mwenye mti wa kijani na vimulimuli vya rangi wanamwita mshamba. Nina neno kwa pande zote mbili, na nalisema mapema, kabla Majilio hayajaingia na fedha za korosho hazijaisha mifukoni.

Nianze kwa kuutendea haki mti wenyewe. Huko ulikotoka una sababu zake. London mwishoni mwa Desemba jua huzama kabla ya saa kumi alasiri. Watu hufunga milango, huwasha taa ndogo, na giza la nje likawa sehemu ya raha ya ndani. Tena kuna kizazi kilichokua na filamu ya The Nightmare Before Christmas ya mwaka 1993, iliyotokana na hadithi ya Tim Burton, ambamo mfalme wa mji wa mizuka anaiteka Krismasi na kuipamba kwa namna yake. Watoto wale sasa ni watu wazima wenye nyumba zao. Mwaka 2022 Netflix ikaleta tamthilia ya Wednesday, yule binti wa mavazi meusi, na wadogo zao wakafuata njia hiyo hiyo. Wengine wamechoshwa tu na wekundu ule ule na kijani kile kile cha madukani.

Kuchoka huko si dhambi, wala si jambo la leo. Ujerumani, katika karne ya 19, misitu ilipokuwa ikiisha kwa kukatwa, watu walitengeneza miti ya Krismasi kwa manyoya ya bata bukini yaliyotiwa rangi ya kijani. Wamarekani wa miaka ya 1960 walinunua miti ya alumini iliyong'aa fedha tupu. Zote zilikuwa fasheni, zikavuma, zikapita. Hakuna mahali katika Injili palipoandikwa kwamba mti lazima uwe wa kijani. Hata kwamba lazima uwepo mti hapakuandikwa.

Lakini giza la London si giza la Kilwa. Kwetu Desemba ni msimu wa mchana mrefu. Jua linazama baada ya saa kumi na mbili na nusu jioni, maembe yameiva, mvua za kwanza zinagonga mabati, na joto halimpi mtu nafasi ya kufunga mlango. Giza tunalolijua sisi ni la usiku wa kijiji kisicho na nguzo ya umeme. Gesi asilia iligunduliwa Songo Songo, kisiwa cha wilaya hii ya Kilwa, mwaka 1974, na kuanzia mwaka 2004 ikawa inasafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam kuzalisha umeme. Kwa miaka mingi taa za Krismasi za Dar zilimetameta kwa gesi iliyotoka baharini kwetu, huku vijiji vingi vya Kilwa na Liwale vikiendelea na vibatari. Misa ya mkesha iliendeshwa kwa karabai. Mtu mmoja alikabidhiwa kazi ya kuipiga pampu, na mwanga ulipoanza kufifia katikati ya wimbo wa Utukufu, kanisa zima lilimgeukia yeye.

Mtu aliyekulia katika giza hilo, siku akiingiziwa umeme, ataning'iniza kila taa anayoweza kuinunua: nyekundu, bluu, kijani, zinazowaka na kuzima, na zile zinazopiga muziki. Huyo si mshamba. Ameipokea sikukuu ya mwanga kwa mwanga, na thamani ya mwanga anaijua kuliko mpambaji anayezififisha taa ili picha ipendeze. Giza huwa pambo kwa yule ambaye swichi iko karibu na mkono wake. Nawaomba wapambaji wetu wa mjini, wanaopamba kumbi na hoteli na ambao vijana wanawafuata, waache kuwacheka wenye vimulimuli.

Sisemi kwamba mti mweusi ni mbaya kwa sababu ni wa kigeni. Pwani hii haijawahi kuogopa mapambo ya kigeni. Ibn Battuta alitia nanga Kilwa mwaka 1331, akaukuta mji uliokuwa ukifanya biashara na ng'ambo zote za bahari. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyoingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1981, yana vidaka kwenye kuta zake, na wachimbuaji wa mambo ya kale wamekuta huko vigae vya vyombo vya kauri kutoka China na Uajemi. Leo pia mapambo mengi ya Krismasi yanayouzwa duniani yanatoka China, hasa katika mji wa Yiwu, jimbo la Zhejiang. Tofauti iko kwenye ukuta. Bakuli la China la wakati ule liliingia katika nyumba ya matumbawe iliyojengwa na mafundi wa hapa, kwa chokaa iliyochomwa hapa, katika chumba ambacho mwenye nyumba alishaamua kiwe na sura gani. Leo tunaagiza bakuli, tunaagiza ukuta, na tunaagiza hata jicho la kuutazamia.

Mapambo ya hapa yapo, na hayakuwa haba. Kilwa Kivinje, mji uliopata jina lake kwa mvinje, nimekua nikiona tawi la mvinje likisimikwa kwenye kopo la mchanga na kupambwa kwa pamba na karatasi za rangi zilizokatwa kwa mkasi. Milango ya makanisa ilizungushiwa makuti mabichi yaliyosukwa, mnazi huu huu unaotupa tui la wali wa sikukuu. Mkrismasi, mti ambao asili yake ni Madagaska, ng'ambo ya bahari yetu, huchanua maua mekundu mwezi Novemba na Desemba kando ya barabara bila mtu kuulipia senti. Wamisionari Wabenedikto waliofika Lukuledi mwaka 1895 na Ndanda mwaka 1906 walitoka Ujerumani, nchi ambako desturi ya mti wa Krismasi ilizaliwa, lakini misonobari ya kwao haioti katika joto la Kusini. Waumini walijipambia kwa kilichoota karibu, na Noeli ilikuwa Noeli.

Kwa wanaouogopa weusi, nina swali. Tumeanza lini kuiogopa rangi hii? Bibi zetu walivaa kaniki shambani na msibani. Buibui jeusi limepita katika mitaa ya Lindi na Kilwa kwa vizazi na vizazi, na anayelivaa ni mama anayeheshimika. Kanisa lenyewe lilitumia mavazi meusi kuwaombea marehemu, na mpaka leo halijayakataza. Na katika bendera ya Taifa, ambayo kila mtoto wa shule hufundishwa rangi zake, nyeusi inasimama kwa ajili ya watu. Ni sisi. Anayesema rangi nyeusi ni ya shetani aitazame bendera, kisha ajitazame kwenye kioo. Nayasema haya kwa uchungu, kwa sababu hofu ya weusi haikuzaliwa hapa. Tulifundishwa na waliotutazama kwa dharau, na inasikitisha kuisikia ikirudiwa na midomo yetu wenyewe mlangoni mwa kanisa.

Kwa hiyo ugomvi wangu na mti ule si rangi. Kinachoniuma ni kwamba tunanunua weusi wa plastiki kutoka mbali, tukiwa tunakaa katika wilaya unakoota mti mweusi wenyewe.

Nazungumzia mpingo. Nje una ganda jeupe lenye umanjano, ndani una kiini cheusi chenye wekundu wa zambarau kwa mbali ukikielekeza kwenye jua. Ni mzito hata ukitupwa majini unazama. Hukua polepole mno; huchukua miaka kati ya 70 na 100 kufikia unene wa kuvunwa, maana yake mti unaoangushwa mwaka huu huenda uliota wakati wa Mwingereza. Ubao wake hausinyai ovyo, na ukipulizwa hutoa sauti safi. Ndiyo maana klarineti na obo za Ulaya hutengenezwa kwa mpingo, zikiwemo za kampuni ya Buffet Crampon ya Ufaransa, na sehemu kubwa ya mpingo wa kazi hiyo hutoka Tanzania na Msumbiji. Krismasi ikifika, okestra za huko zinapiga nyimbo za Noeli kwa mti uliokua katika misitu kama hii ya Kilwa. Sisi tuliobaki na misitu tunasimamisha sebuleni plastiki iliyotiwa rangi ili ifanane na mti tuliowauzia.

Misitu hiyo ina wenyewe. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 iliviruhusu vijiji kutenga misitu ya hifadhi katika ardhi yao, kuisimamia na kuuza mazao yake. Kilwa hawakuliacha jambo hilo kwenye makaratasi. Mwaka 2009, wakisaidiwa na shirika la MCDI lenye makao Kilwa Masoko, wanakijiji wa Kikole na Kisangi walikuwa wa kwanza barani Afrika kupata hati ya FSC, ya kuthibitisha usimamizi bora, kwa msitu wa asili unaosimamiwa na jamii yenyewe. Zamani gogo lilipita kijijini usiku na kijiji kikaambulia vumbi la lori. Katika vijiji vilivyojiunga na mpango huo, kamati ya maliasili hukagua msitu, huamua miti mingapi ikatwe, huligonga gogo nyundo ya kijiji, na mapato hujenga madarasa, visima na huduma za afya. Wakazi wengi wa vijiji hivyo ni Waislamu. Pango la Noeli, zile sanamu za Mtoto Yesu na wazazi wake, likichongwa katika mti wao kwa haki, fedha yake inaingia kwenye kisima wanachoteka watu wote, na hilo kwangu ni pambo tosha la ujirani ambao tayari tunauishi: wao wanakuja kula pilau letu tarehe 25 Desemba, sisi tunakwenda kula lao siku ya Idi.

Kisha kuna mafundi. Wamakonde wa Newala, Masasi na ng'ambo ya Ruvuma walichonga tangu zamani, ingawa vinyago vya ngoma zao vilikuwa vya mbao nyepesi. Mpingo uliwashika katikati ya karne ya 20, walipopata wanunuzi Dar es Salaam. Katika mpingo ndimo Samaki Likankoa alimoanzisha mtindo wa vinyago uitwao shetani mwishoni mwa miaka ya 1950, na humo ndimo zilimotoka nguzo za ujamaa zenye watu waliobebana kutoka chini hadi juu. Vitabu vya sanaa vimeandika sana juu ya mitindo hiyo miwili. Vimeandika kidogo mno juu ya kazi ya tatu ya mikono hiyo hiyo, nayo ni pango la Noeli. Fundi hukata kipande cha mpingo, hukipiga tezo mpaka umbo litokee, huingia na patasi, kisha humalizia kwa msasa mpaka mti ung'ae wenyewe bila vanishi. Maria anakuwa amejifunga kanga, kaketi chini, miguu kainyoosha, Mtoto yuko mapajani. Yosefu ana fimbo ya mzee wa Kimakonde. Wachungaji wana mbuzi, kwa kuwa mbuzi ndio wanaowajua. Fundi hodari huacha ganda jeupe la mti mahali pa kitambaa cha kichwani au nepi ya Mtoto, na hapo mwanga unatokea ndani ya weusi bila taa yoyote.

Mapango hayo mengi yamepanda ndege. Yamenunuliwa na watalii na wamisionari, na yako katika nyumba na makanisa ya Ulaya. Wazungu waliolitafuta pambo jeusi la Krismasi kabla ya fasheni hii walilipata kwetu. Katika makanisa yetu mengi, kinyume chake, bado horini amelala mtoto wa jasi mwenye nywele za dhahabu na mashavu mekundu, rangi imembanduka puani, na kila mwaka mwalimu wa katekisimu anampaka upya.

Fransisko wa Asizi alipotengeneza pango lake Greccio, Italia, mwaka 1223, alitumia ng'ombe na punda wa pale pale na majani makavu ya wakulima wa pale pale. Alitaka watu wa kijiji kile waione Bethlehemu kwa macho yao. Na Papa Paulo VI, alipofika Kampala Julai 1969, aliwaambia Waafrika kwamba wanaweza na wanapaswa kuwa na Ukristo wa Kiafrika. Zaidi ya nusu karne imepita. Ngoma zimeingia kanisani, kayamba zimeingia, vitenge vimeingia hadi altareni. Pangoni bado tunasuasua, na sababu yake siioni.

Najua watakaoniambia kwamba mpingo ni ghali. Ni kweli, seti kamili si ya mfuko wa kila mtu, na haifai kuwa rahisi kwa mti uliochukua miaka 70. Lakini pango halinunuliwi siku moja. Mwaka wa kwanza familia inunue Mtoto peke yake. Mwaka wa pili mama yake. Wa tatu Yosefu. Mamajusi watafika tu, maana hata katika Maandiko walichelewa. Mti wa plastiki hupinda matawi, hupoteza miguu, na baada ya Krismasi chache uko jalalani. Sanamu ya mpingo utamwachia mjukuu.

Wengine watasema, je, tukianza wote kununua mpingo, hatutaumaliza? Hofu hiyo ni ya haki na mimi ninayo. Ila ukweli ni kwamba gogo linapopasuliwa kwa ajili ya klarineti, sehemu ndogo tu ndiyo hutoka bila ufa wala kasoro. Kinachobaki ni kingi, na sanamu yenye urefu wa kiganja haihitaji zaidi ya kipande cha hayo mabaki, tawi au kisiki. Kinachoumaliza mpingo ni ukataji wa wizi, moto na mashamba yanayofyekwa bila mpango. Kijiji kinachopata riziki kwa msitu wake ndicho kinachokesha kuulinda.

La kuangaliwa ni udanganyifu. Barabarani na katika maduka ya vinyago zinauzwa sanamu za mbao nyeupe zilizopakwa rangi ya viatu, na mnunuzi huondoka akiamini kabeba mpingo. Sugua chini ya sanamu kwa kitambaa kibichi, uone kama weusi utahamia kwenye kitambaa. Ipime mkononi, mpingo una uzito unaoushitukia. Itazame mahali palipokwanguka. Na umuulize fundi mti aliupata wapi. Fundi mkweli hachukii swali hilo, na mwenye mti wa halali ana risiti na kibali chake.

Kuna jambo pia la mafundi wenyewe. Vijana wanaoishika tezo wanapungua, kwa sababu soko lao ni mtalii, na mtalii akikosekana, kama ilivyotokea wakati wa korona, tezo inawekwa chini na kijana anatafuta bodaboda. Soko la nyumbani lingekuwa kinga yao. Jimbo la Lindi, lililoanza mwaka 1963 kwa jina la Jimbo la Nachingwea, lina parokia na vigango kutoka mwambao hadi bara. Ukiongeza Waanglikana, Walutheri na makanisa mengine ya mkoa huu na wa Mtwara, kila kigango kikiagiza sanamu moja kwa mwaka, kuna mafundi watakaopata kazi isiyotegemea ndege kutua. Wenye hoteli za Kilwa Masoko nao, wanaoweka mti wa plastiki mapokezini kwa wageni waliotoka kwenye miti ya plastiki, wajiulize mgeni yule amesafiri kuja kuona nini.

Nawaomba basi maparoko, wachungaji, wenyeviti wa jumuiya ndogondogo na akina mama wa WAWATA: mwaka huu fedha za mapambo zikikusanywa, zisiishie zote Kariakoo. Tengeni sehemu, mtafuteni fundi wa Kimakonde mapema, mwezi wa tisa au wa kumi, kwa kuwa kazi ya mkono haiharakishwi, na mpeni malipo ya awali ili asilazimike kununua gogo la wizi. Mwenye vimulimuli vyake aviwashe bila aibu. Na anayetaka weusi sebuleni aanze na Mtoto mmoja wa mpingo, tena kabla ya kulipa aulize mti umetoka kijiji gani.